Vali ya chuma, vali ya tishu au TAVI: ulinganisho kwa anayetakiwa kubadilishiwa vali ya aota

Daktari akishasema kwamba vali ya aota imebana na haina budi kubadilishwa, mgonjwa na familia yake huuliza jambo moja: ipi bora? Swali hilo halina jibu la moja kwa moja. Vali zinazozungumzwa hapa zimepimwa kwenye majaribio makubwa, na zote huokoa maisha. Zinatofautiana katika deni ambalo kila moja inakuachia. Vali ya chuma hulipwa kidogo kidogo, kila siku, hadi mwisho. Vali ya tishu hukaa kimya miaka kumi na zaidi, halafu inadai kwa mkupuo. TAVI, yaani vali inayopitishwa kwenye mshipa, inakusamehe maumivu ya mwanzo, lakini hesabu yake ya miaka mingi bado inaandikwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi bora, jiulize deni lipi unaliweza.

Na usisahau chaguo la nne, ambalo wengi hulifanya bila kujua: kusubiri tu.

Kusubiri kunagharimu nini

Vali ya aota ni mlango kati ya chumba kikubwa cha kushoto cha moyo na mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Ina vipande vitatu vyembamba vinavyofunguka na kujifunga kwa kila pigo. Mtu mmoja au wawili katika kila mia huzaliwa na vipande viwili badala ya vitatu, nao mara nyingi hupata matatizo mapema kuliko wenzao. Kwa wazee, kalisi hujikusanya kwenye vipande hivyo hadi vinakakamaa. Kwa waliowahi kuugua homa ya baridi yabisi utotoni, vipande hugandana kingo kwa kingo. Chanzo chochote kile, moyo unalazimika kusukuma damu kwenye tundu jembamba, misuli yake inanenepa, na siku moja mtu anaishiwa pumzi kwenye ngazi alizozizoea, anabanwa kifua, au anazimia.

Mwaka 1968, John Ross na Eugene Braunwald waliandika kuhusu muda ambao wagonjwa kama hao huishi wasipotibiwa baada ya dalili kuanza: kwa wastani miaka 5 kwa mwenye maumivu ya kifua, 3 kwa anayezimia, na 2 kwa ambaye moyo umeshaanza kushindwa kazi. Takwimu hizo ni za zamani, lakini jaribio la PARTNER la mwaka 2010 lilionyesha kwamba hazikutia chumvi. Wagonjwa 358 waliokuwa dhaifu mno kufanyiwa upasuaji waligawanywa kwa kura: wengine walipewa TAVI, wengine matibabu ya kawaida yasiyobadilisha vali. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 50.7 ya kundi la pili walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 30.7 ya waliopata TAVI.

Vidonge je? Dawa za kupunguza lehemu zilijaribiwa kwa matumaini kwamba zingepunguza kasi ya vali kukakamaa. Majaribio ya SALTIRE mwaka 2005 na SEAS mwaka 2008, hili la pili likiwa na wagonjwa 1,873, hayakuona faida hiyo. Dawa hizo zina kazi yake kwenye mishipa ya moyo, lakini vali haizisikii. Anayekuuzia kitu cha kunywa ili vali ifunguke, mwulize amekijaribu kwa watu wangapi.

Utata uko kwa asiye na dalili. Vipimo vya eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) vinaonyesha vali imebana sana (damu inapita kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde au zaidi, tundu halifiki sentimita moja ya mraba), naye anajisikia mzima. Zamani aliambiwa asubiri. Siku hizi mizani imeanza kuinama. Korea Kusini, jaribio la RECOVERY liliwafuata watu 145 wa aina hiyo wenye mbano mkali sana: vifo vinavyotokana na upasuaji au moyo vilikuwa asilimia 1 kwa waliopasuliwa mapema na 15 kwa waliosubiri. Jaribio la EARLY TAVR (TAVR ni jina la Kimarekani la TAVI), lililotolewa mwaka 2024 likiwa na wagonjwa 901, lilipata kifo, kiharusi au kulazwa bila kupangiwa kwa asilimia 26.8 ya waliowekewa TAVI mapema, dhidi ya 45.3 ya waliosubiri. Hapo soma kwa makini, kwa sababu sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kulazwa. Kwangu mimi namba nzito kuliko zote katika jaribio hilo ni nyingine: asilimia 87 ya walioambiwa wasubiri waliishia kuwekewa vali kabla utafiti haujaisha. Kusubiri kwao hakukuwaepusha na vali. Kulibadilisha tarehe tu.

Vali ya chuma

Jina limeganda hivyo, ingawa vali za leo zimetengenezwa kwa kaboni ngumu, na vipande viwili vinavyocheza ndani ya pete. Babu yake ni mpira ndani ya kizimba, ambao Dwight Harken aliuweka mahali pa vali ya aota huko Boston mwaka 1960. Sifa yake kuu ni kudumu: ikiwekwa vizuri, kwa kawaida yenyewe haichakai. Usiku wa kimya unaweza kuisikia ikigonga kama saa ya mkononi. Wengi huizoea, wachache huudhika nayo kweli kweli, kwa hiyo usione haya kuliuliza hilo kabla.

Deni lake ni warfarini. Damu ikigusa kitu kisicho cha mwili huganda, na kipande kidogo cha damu iliyoganda kikisafiri hadi kwenye ubongo ni kiharusi. Hivyo mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na kiwango chake hupimwa kwa kipimo kinachoitwa INR. Kwa vali ya kisasa ya aota isiyo na hatari nyingine, lengo ni karibu 2.5, kwa mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio au hatari nyingine, karibu 3. Ikishuka, unakaribia kiharusi. Ikipanda, unakaribia kuvuja damu tumboni au kichwani. Na warfarini ina wivu: dawa za kuua bakteria, baadhi ya dawa za maumivu, dawa za mitishamba, hata mabadiliko ya ghafla ya kiasi cha mboga za kijani, vyote huisogeza. Huhitaji kuacha mboga. Unachohitaji ni kula kiasi kisichoyumba.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo uamuzi mwingi mzuri unapoharibikia. Upasuaji unakwenda salama, vali inafanya kazi, kisha miezi sita baadaye hakuna anayepima INR. Kabla ya kukubali vali ya chuma, upate majibu ya maswali matatu yasiyo ya kitaalamu hata kidogo: nitapimwa wapi, mara ngapi, na ni nani atakayenibadilishia dozi siku namba ikiyumba? Kama hujapata jina la mtu au la kliniki, hilo lenyewe ni jibu.

Wengine husema watatumia zile dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji INR. Hapana. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma katika RE-ALIGN, na jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2012. Kati ya wagonjwa 252, asilimia 5 ya waliotumia dabigatrani walipata kiharusi. Upande wa warfarini hakupata hata mmoja. Apiksabani nayo ilijaribiwa kwa aina moja ya vali ya chuma, na jaribio hilo pia likasitishwa. Anayekubadilishia warfarini kwa dawa hizo huku una vali ya chuma, mzuie kwa upole kisha mpigie daktari wako wa moyo.

Kwa mwanamke anayetarajia kuzaa, hesabu inageuka. Warfarini huvuka kondo la nyuma na inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Heparini, dawa ya sindano ya kuzuia damu kuganda, haivuki, lakini huilinda vali kwa uhakika mdogo zaidi. Hakuna njia safi katikati ya hizo mbili. Ndiyo maana baadhi ya wanawake huchagua tishu wakijua wazi kwamba watarudi kwenye meza ya upasuaji.

Vali ya tishu

Hutengenezwa kwa vali ya nguruwe au ngozi laini inayofunika moyo wa ng'ombe. Katika miaka ya 1960, Alain Carpentier wa Paris aligundua kwamba kuitibu kwa glutaraldehaidi huifanya idumu na isipigwe vita na mwili. Anayesita kuwekewa ya nguruwe kwa sababu ya imani aseme mapema. Za ng'ombe zipo nyingi.

Baada ya miezi michache ya mwanzo, wengi hawahitaji warfarini kwa ajili ya vali hii. Hiyo ndiyo raha yake. Deni ni kwamba inachakaa, kwa kawaida baada ya miaka 10 hadi 20, na kwa ajabu inachakaa haraka zaidi kwa kijana kuliko kwa mzee. Mwenye miaka 75 huenda asiione ikiharibika. Mwenye miaka 40 ajiandae kwa vali ya pili, na pengine ya tatu.

Utafiti unasema nini ukiziweka ana kwa ana? Jaribio la zamani la hospitali za maveterani wa Marekani liliwagawa kwa kura wanaume 575 kati ya mwaka 1977 na 1982. Miaka 15 baadaye, miongoni mwa waliobadilishiwa vali ya aota, asilimia 66 ya wenye chuma walikuwa wamefariki, dhidi ya 79 ya wenye tishu. Lakini hizo ni vali za enzi zile. Mwaka 2014, watafiti wa New York walichambua kumbukumbu za watu 4,253 wenye umri wa miaka 50 hadi 69, na baada ya miaka 15 hawakuona tofauti ya kuishi. Walichokiona ni hiki: upasuaji wa kurudia ulikuwa asilimia 12.1 kwa tishu na 6.9 kwa chuma. Kuvuja damu vibaya, 6.6 kwa tishu na 13.0 kwa chuma. Zitazame namba hizo tena. Ni kama sura na kivuli chake kwenye kioo. Ulichookoa kwenye kisu umekilipa kwa damu, na kinyume chake.

Kwa walio chini ya hapo, mambo si sawa. Uchambuzi wa California wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wenye miaka 45 hadi 54, vifo ndani ya miaka 15 vilikuwa asilimia 30.6 kwa tishu na 26.4 kwa chuma. Kuanzia miaka 55 tofauti hiyo haikuwa na uzito tena. Tahadhari moja: tafiti za New York na California zilisoma kumbukumbu, hazikupiga kura. Daktari aliyempa mgonjwa tishu huenda aliona udhaifu ambao hakuuandika kwenye faili.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020 unaelekeza chuma kwa walio chini ya miaka 50, tishu kwa waliozidi 65, na mazungumzo kwa walio katikati. Ulaya wao huelekeza chuma kwa walio chini ya 60. Miongozo hiyo ni ramani. Haijui kama unaishi karibu na maabara.

Kuna pia upasuaji wa Ross, ulioanzishwa na Donald Ross huko London mwaka 1967: vali yako mwenyewe ya upande wa mapafu inahamishiwa kwenye aota, na kule ilikotoka inawekwa ya mtu aliyefariki. Hakuna warfarini, na vali ni hai. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 lilikuta asilimia 97 ya waliofanyiwa hivyo wakiwa hai baada ya miaka 10, dhidi ya 83 ya waliowekewa vali ya marehemu moja kwa moja kwenye aota. Inavutia, hasa kwa vijana. Ila unageuza ugonjwa wa vali moja kuwa wa vali mbili, na mikono inayoijua kazi hiyo ni michache. Mwulize daktari wa upasuaji amefanya ngapi. Akikasirika, umeshajibiwa.

TAVI

Tarehe 16 Aprili 2002, huko Rouen, Ufaransa, Alain Cribier alimwekea vali kwa katheta, yaani mrija mwembamba unaopita ndani ya mshipa, mwanamume wa miaka 57 ambaye hakuna daktari wa upasuaji aliyekubali kumgusa. Vali ya tishu hukunjwa ndani ya wavu wa chuma, hupitishwa kwenye mshipa wa paja, na kufunguliwa ndani ya vali ileile iliyobana, ambayo husukumwa pembeni. Kifua hakipasuliwi, moyo hausimamishwi, na mara nyingi mgonjwa hahitaji kulazwa usingizi mzito. Wengi hurudi nyumbani baada ya siku chache, wakati mfupa wa kifua uliopasuliwa huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga.

Majaribio yalipanda ngazi moja baada ya nyingine: kwanza wasiofaa kupasuliwa, kisha wenye hatari kubwa, kisha ya kati, na mwaka 2019 wenye hatari ndogo. Katika PARTNER 3, lililokuwa na watu 1,000, kifo, kiharusi au kulazwa tena ndani ya mwaka mmoja vilikuwa asilimia 8.5 kwa TAVI na 15.1 kwa upasuaji. Vichwa vya habari vilitangaza ushindi. Miaka 5 ilipotimia, namba zikawa 22.8 na 27.2, tofauti ambayo kitakwimu haina uhakika. Vifo peke yake vilikuwa 10.0 kwa TAVI na 8.2 kwa upasuaji. Simaanishi TAVI imeshindwa. Namaanisha kwamba faida yake kubwa iko mwanzoni, nayo kwa mtu wa miaka 80 ni karibu kila kitu, ila kwa mtu wa miaka 60 ni sura ya kwanza tu ya hadithi ndefu.

Hapo ndipo pa kuuliza jaribio lolote: waliomo ni akina nani? Wastani wa umri katika PARTNER 3 ulikuwa miaka 73. Wenye vali ya vipande viwili waliachwa nje. Kama una miaka 52 na vali ya vipande viwili, jaribio hilo halikuongelei wewe, hata likinukuliwa kwa sauti kubwa namna gani. Jaribio la NOTION la nchi za kaskazini mwa Ulaya, lenye wagonjwa 280, limefika miaka 10 na kukuta vifo karibu sawa, asilimia 62.7 kwa TAVI na 64.0 kwa upasuaji, huku vali za TAVI zikiharibika vibaya kwa asilimia 1.5 tu dhidi ya 10.0. Ni habari njema. Lakini washiriki walianza wakiwa na wastani wa miaka 79, na baadhi ya vali za upasuaji zilizotumika ni za aina ambazo baadaye zilionekana kuchakaa mapema.

Deni la TAVI lina sehemu kadhaa. Wavu ukigandamiza njia za umeme wa moyo, mgonjwa huhitaji kuwekewa betri ya moyo: katika jaribio la Evolut la mwaka 2019, kwa vali inayojifungua yenyewe, asilimia 17.4 waliihitaji ndani ya siku 30, dhidi ya 6.1 ya waliopasuliwa. Kwa vali inayofunguliwa kwa puto, tofauti ni ndogo zaidi. Damu inaweza kuvuja pembezoni mwa vali, na mshipa wa paja unaweza kujeruhiwa. Upande wa pili wa mizani, upasuaji huleta mapigo yaliyovurugika kwa wingi zaidi: katika PARTNER 3, asilimia 39.5 dhidi ya 5.0.

Kuna watu ambao kwa kawaida upasuaji ndio unaowafaa bila kujali maumivu: aota imetanuka, mishipa kadhaa ya moyo imeziba, vali nyingine nayo imeharibika, kuna maambukizi ndani ya moyo, au mishipa ya mapaja ni myembamba mno. Daktari wa upasuaji hufungua mara moja na kutengeneza yote. Katheta hutengeneza kimoja.

Mpangilio wa vali ya kwanza na ya pili

Jambo ambalo familia nyingi hulisikia kwa kuchelewa ni kwamba vali ya pili huamuliwa siku ya vali ya kwanza. Vali ya tishu iliyochakaa inaweza kuwekewa TAVI ndani yake, mradi iliyotangulia iwe kubwa vya kutosha. Ikiwa ndogo, ya pili itabana tangu siku ya kwanza. Kinyume chake ni kigumu zaidi. TAVI ndani ya TAVI inaweza kuziba milango ya mishipa inayolisha moyo wenyewe, na kuitoa TAVI iliyoshikana na ukuta wa aota ni upasuaji mzito. Kwa sababu hiyo, kwa mwenye miaka 60 na nguvu zake, mimi naona upasuaji kwanza na katheta baadaye, wala si kinyume. Mwongozo wa Marekani unaiweka TAVI mbele kwa waliozidi miaka 80 na upasuaji kwa walio chini ya 65. Ule wa Ulaya wa mwaka 2025 umeishusha TAVI hadi miaka 70.

Chukua watu wanne. Mwanamke wa miaka 31 anayetaka watoto: tishu au Ross, na kukubali kurudi. Mwanamume wa miaka 48, mwenye kliniki ya INR karibu na tabia ya kutosahau dawa: chuma. Huyohuyo akiwa anasafiri miezi mitano kwa mwaka mahali pasipo maabara: tishu, hata kama jedwali la umri linasema vingine. Bibi wa miaka 82, mapafu dhaifu, mishipa ya mapaja mizuri: TAVI, na mjadala uishie hapo. Mgumu ni yule wa miaka 67 mwenye afya nzuri. Kwake majaribio yote yana la kusema na hakuna lililo na neno la mwisho, kwa hiyo na amwone daktari wa upasuaji na daktari wa katheta pia kabla ya kusaini. Kila mmoja huiamini zaidi kazi ya mikono yake.

Vali yoyote utakayotoka nayo, meno yawe safi, na mwambie daktari wa meno kabla hajang'oa kitu, maana bakteria wa kinywani hupenda vali bandia na utahitaji dawa ya kuwazuia. Na usiondoke hospitali bila kadi inayotaja aina ya vali, ukubwa wake kwa milimita na tarehe iliyowekwa. Ipige picha, mpe nakala mtu unayeishi naye. Daktari atakayekuhudumia miaka kumi na mitano ijayo huenda bado yuko shuleni leo, na kitu cha kwanza atakachokuuliza ni hiyo namba ya milimita.